Kasi ya Mtumba

Treni ya Hertford East ikishatoka Liverpool Street, katikati ya London, humpitisha abiria nyuma ya nyumba za watu kwa muda mrefu: vibustani, kamba za nguo, baiskeli za watoto zilizolazwa kwenye majani. Baada ya Broxbourne mji unaanza kuachia. Upande wa kulia hutokea mto Lea na mabwawa yake, bata, mashua nyembamba ambazo watu huishi ndani yake mwaka mzima, halafu kituo kidogo cha Rye House. Hapo hakuna haja ya kuuliza njia. Ukishuka tu, injini zinakuelekeza.

Ni mahali pa ajabu kidogo. Kuna mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi, kuna mitambo ya kusafisha majitaka, kuna hifadhi ya ndege wa majini, na kati ya majirani hao wasiolalamikia kelele kuna uwanja wa gokati, utepe wa lami unaojipinda na kujirudi. Mwendo mfupi kwa miguu limesimama lango la matofali la karne ya 15, mabaki ya jumba lililoupa mtaa huu jina. Mwaka 1683 watu walipanga kumvizia hapa Mfalme Charles II na mdogo wake James wakirudi kutoka mbio za farasi za Newmarket. Moto ukazuka Newmarket, mfalme akaondoka mapema, njama ikafia hapo. Waingereza wamefuata mbio na kuzitolea pesa tangu zamani, na njia ya kurudi nyumbani ilipita hapa.

Wageni wa siku hizi hawaji kwa ajili ya mfalme huyo. Wanajua kwamba mwaka 1993 mtoto wa miaka minane kutoka Stevenage, mji usio mbali, alianza kushindana hapa kwa gokati iliyokwisha kupita mikononi mwa wengine. Baba yake, Anthony Hamilton, alishika kazi zaidi ya moja kwa wakati mmoja ili mtoto apate petroli, tairi na viingilio. Mwaka 1995 mtoto huyo, Lewis, akachukua ubingwa wa Uingereza wa daraja la watoto, mwaka 1998 timu ya McLaren ikamsaini, na mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia wa Formula One, ubingwa wa kwanza kati ya saba. Kila mzazi anayeegemea uzio wa Rye House anaijua hadithi hiyo.

"Hadithi nzuri, lakini imewamaliza watu," aliniambia shemeji yangu, mume wa dada, tulipokuwa tumeegemea uzio huo huo. "Mzazi anasikia habari za Lewis, anakwenda kukopa. Hakumbuki kwamba mzee Hamilton alianza na mtumba."

Shemeji ni mtu wa Tanga, fundi wa mabasi kaskazini mwa London, na mwanawe, mpwa wangu, anashindana gokati. Nilikuwa nimekwenda kuwasalimu. Nikiwa Dar nilimsikia dada akinung'unika kwenye simu juu ya "vigari" vilivyojaza kibanda chake cha bustani, nikadhani shemeji kapotea njia. Mtoto akishindana ngazi ya juu Ulaya, mwaka mmoja unaweza kumla mzazi mamia ya maelfu ya euro. Nilitaka kuona kwa macho yangu mshahara wa fundi wa basi unaingiaje kwenye mchezo wa namna hiyo bila kuvunja nyumba.

Kumbe mchezo wenyewe ulizaliwa na masalio. Mwaka 1956, huko California, Art Ingels, fundi katika karakana ya Kurtis Kraft iliyokuwa ikiunda magari ya mbio, alichukua mabomba ya chuma na injini ya ziada ya mashine ya kukatia majani, akaunganisha kigari kisicho na springi wala bodi. Alikwenda kukikimbiza kwenye maegesho ya uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, na watu waliokiona wakataka cha kwao. Hadi leo umbo halijabadilika sana: fremu ya mabomba, magurudumu manne madogo, injini jirani na dereva, mnyororo unaozungusha ekseli ya nyuma. Hakuna springi, hakuna difu. Kilichobadilika ni watu kugundua kwamba kila sehemu ya kigari hicho inaweza kuuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa ahadi ya kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde.

Asubuhi ile ya Rye House shemeji hakutaka niangalie tu. "Pilipili usiyoila utaiandikaje?" alisema, akanisukumia kofia ya kukodi. Gokati za kukodi ni nzito, zimezungushiwa bampa pande zote, na injini zake za mipigo minne hazina makeke. Lakini ukikaa chini karibu na lami kiasi kile, mwendo mdogo unauona mara mbili. Kila kona inakubana mbavu upande mmoja kisha wa pili, mikono inauma kabla hujazoea njia. Kijana aliyetupa maelekezo alirudia jambo moja: maliza kufunga breki gari likiwa limenyooka, kisha geuza usukani taratibu. Anayeingia kona kwa kuteleza anawafurahisha watazamaji, lakini anapoteza muda na kulisha lami mpira wa tairi.

Hapo ndipo shemeji alipoanza kunifundisha hesabu yake. Mtu anayejifunza, alisema, ataharibu vitu. Swali ni vitu vya nani. Anayenunua gokati siku ya kwanza anajifunza kwa tairi zake, klachi yake, mnyororo wake. Anayekodi anajifunza kwa mali ya uwanja. Kwa hiyo mpwa wangu alikodi msimu mzima kabla baba yake hajatoa pesa ya kununua chochote isipokuwa glovu. Na wapo watu wazima wengi Uingereza ambao hawanunui kabisa. Club100, kwa mfano, huendesha mashindano ambayo gokati zote ni za waandaaji; dereva anafika na kofia yake, anapewa gari, anashindana, anarudi nyumbani bila kushika spana. Kuna pia mbio ndefu za saa kadhaa ambazo timu inachanga na madereva kupokezana kiti. Ukigawa gharama kwa watu wanne, kila mmoja anapata muda mrefu barabarani kwa pesa ambayo peke yake ingemnunulia mizunguko michache.

Nyumbani kwao Cheshunt, kibanda ambacho dada alikilalamikia kilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Gokati ilisimamishwa wima kwa mkia wake, imeegemea ukuta, ili isile nafasi. Shemeji aliilaza ubavu, akawasha tochi.

"Watu wakinunua mtumba wanaangalia rangi na stika," alisema. "Wewe angalia tumboni."

Mabomba ya chini yanasuguliwa na kingo za lami kila dereva anapokata kona. Yakisuguliwa sana yanakuwa bapa, ukuta wa bomba unakuwa mwembamba, na chasisi inapoteza ule unyumbufu unaofanya kazi ya springi. Maana gokati, kwa kuwa haina difu, inageuka vizuri pale tu gurudumu la nyuma la upande wa ndani linaponyanyuka kidogo kwenye kona, na kinacholinyanyua ni mkunjo wa fremu yenyewe. Fremu iliyochoka au kupinda hairekebishiki kwa injini kali. Alinionyesha mahali pa kutafuta nyufa: kwenye maungio ya kiti, kwenye mkono wa usukani, kwenye vishikio vya beringi za ekseli. Kisha akaishusha sakafuni, akaizunguka polepole, akitazama kama magurudumu yote manne yanakaa sawa. Kazi yote hiyo haikuhitaji kifaa zaidi ya tochi na sakafu iliyonyooka, na ndiyo aliyoifanya siku ya kuinunua, mbele ya muuzaji.

Kununua kwenyewe kuna mpangilio. Kwanza unakwenda uwanjani bila pesa mfukoni, unaangalia watu wa uwanja huo wanashindana madaraja gani na wanatumia chasisi za kampuni gani. Ukinunua chasisi ambayo hakuna mwingine anayo, siku ukipinda ekseli Jumamosi jioni hutapata wa kukuazima. Pili, unasubiri msimu uishe. Kuanzia Oktoba watoto wanakua na kupanda madaraja, wazazi wanataka nafasi kwenye gereji, bei zinashuka. Tatu, hununui kipya. Chasisi mpya inapoteza thamani nyingi miezi ya mwanzo, na aliyeinunua dukani ndiye anayeibeba hasara hiyo. Ikishafika miaka mitatu minne, bei imetulia. Ukiitunza unaiuza karibu na ulivyoinunua.

"Gokati hainigharimu ile pesa niliyotoa," shemeji alisema. "Inanigharimu tofauti ya nilivyonunua na nitakavyouza. Hiyo tofauti ndiyo ninayopigana nayo."

Kwa sababu hiyo anaosha kila kitu kwa kitambaa badala ya mashine ya maji ya nguvu inayosukuma grisi nje ya beringi. Anapaka mnyororo mafuta kila baada ya kutoka barabarani, anakagua kila nati, anaweka risiti zote kwenye bahasha moja. Mnunuzi wa kesho atalipia bahasha ile.

Injini iliyokuwa mezani niliitambua kabla hajaitaja. Honda GX160, rangi nyekundu na nyeupe, ile ile ambayo mkulima wa bonde la Ruvu anaifunga kwenye pampu ya kuvutia maji ya bustani, na ambayo mitaani kwetu inazungusha jenereta na mashine za kuchanganyia zege. Kwa muda mrefu Uingereza imekuwa na daraja la watoto linalotumia injini hiyo. Ina mipigo minne, inakunywa petroli ya kawaida ya sheli bila kuchanganywa oili, na inadumu. Rotax Max ya Austria, ya mipigo miwili na sentimita za ujazo 125, ni mnyama mwingine: ile ya wakubwa inatoa takriban nguvu farasi 30, inataka oili kwenye petroli, na baada ya saa nyingi za kazi inataka pistoni na kurudishwa kwa fundi aliyeidhinishwa. Baba wa mtoto mdogo anayeanza na injini ya pampu anajinunulia miaka kadhaa ya usingizi.

Lakini muulize mtu yeyote wa gokati pesa yake inaishia wapi, atakuonyesha tairi. Tairi za gokati ni laini, hazina mikato, na utamu wake mkubwa upo kwenye mizunguko ya mwanzo. Anayetaka kuanza mbele kwenye mstari anafunga mpya kila mashindano. Zilizotoka bado zina maisha mengi, ila zimepoteza ile nukta ya juu kabisa, hivyo mwenye nazo anaziuza bei ya kutupa. Shemeji ni mteja wake. Mazoezi yote ya mpwa wangu hufanyika juu ya tairi zilizoachwa na watoto wa wengine. Kila seti ina ukurasa wake kwenye daftari: ilitoka kwa nani, imekimbia mizunguko mingapi, uwanja gani, upepo kiasi gani. Zisipotumika zinafungwa kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuwekwa kivulini, maana jua hukausha mpira.

Njia hiyo ina historia yenye heshima. Kule Kerpen, karibu na Cologne nchini Ujerumani, Rolf Schumacher alikuwa fundi mwashi aliyekuwa pia akitunza uwanja wa gokati. Mwanawe Michael, aliyezaliwa 1969, alikimbia kwa tairi ambazo watoto wa wenye uwezo walikuwa wamezitupa. Mtoto anayeshika njia kwa mpira uliochoka analazimika kujua mahali hasa ambapo gari linaanza kuteleza. Elimu hiyo haiuzwi dukani, na ilimfuata Michael hadi ubingwa wa dunia mara saba.

Jumapili ya mashindano tulitoka Cheshunt kabla hakujapambazuka. Gokati ilikuwa kwenye trela ndogo ambayo shemeji anaimiliki kwa ubia na familia ya Kipolandi ya jirani. Gokati za familia hizo mbili zilikaa ubavu kwa ubavu. Dada alikuwa ameamka usiku kupika. Kiti cha nyuma nilikaa na mpwa wangu, chupa ya chai na hotipoti ya pilau, kwa sababu chakula cha uwanjani kwa watu wanne ni sawa na nusu ya kiingilio cha mbio. Tuliingia barabara kuu ya M25, kisha M1 kuelekea kaskazini. Mtoto alilala. Shemeji aliendesha taratibu upande wa kushoto, akisema kwamba trela ikivutwa kwa haraka nayo inakunywa mafuta.

Uwanja wa Whilton Mill uko Northamptonshire, karibu na Daventry, pale ambapo vilima vinaacha upenyo mmoja tu na kila mjenga njia akaupitia: Warumi na barabara yao, wachimbaji wa mfereji wa Grand Union, wajenzi wa reli, mwishowe wajenzi wa M1. Magari ya timu yalikuwa yamekwisha kujipanga. Upande mmoja yalisimama malori yenye mahema marefu, zulia sakafuni, mafundi wa kulipwa waliovaa sare, kompyuta zikichora mistari ya kila kona. Upande wa pili tulikuwa sisi wa trela na miavuli. Mahema tofauti, lakini watoto wote walikuwa wakikimbizana pamoja kwenye matope.

Nilimuuliza shemeji inawezekanaje mtoto wake ashindane na watoto wa malori. Akanijibu kwa mfano ambao Mtanzania yeyote angeuelewa: kamati za harusi. Hakuna anayependa kuchangisha mamilioni. Lakini fulani kafanya ukumbi mkubwa, basi na mimi nisionekane mnyonge. Fulani kaleta bendi, na mimi nilete. Mmoja akiamua peke yake kubana matumizi, anaonekana bahili. Wakikubaliana wote kwamba mwisho ni sahani moja na soda moja, kila mtu anapumua.

"Hapa mtu hawezi kuokoa pesa kwa roho ngumu peke yake," alisema. "Jirani akinunua injini ya maajabu, na wewe utanunua, au mwanao atakaa nyuma mpaka aache mchezo. Kinachookoa ni kanuni inayomkataza jirani."

Nilizunguka na swali hilo siku nzima, na kila mahali nilikuta jibu lake limefungwa kwa lakiri. Injini za madaraja ya bei nafuu hufungwa lakiri yenye namba. Ukiifungua mwenyewe ili uinoe, unatolewa mashindanoni. Rotax Max, iliyoingia sokoni 1997, ilijengwa juu ya wazo hilo: injini moja kwa wote, lakiri, na kitabu cha kumbukumbu kinachosafiri nayo kutoka kwa mmiliki mmoja hadi mwingine. Katika fainali zao kuu za dunia, zinazofanyika tangu mwaka 2000, dereva hata haji na gari. Anapangiwa kwa kura vifaa vilivyoandaliwa sawasawa kwa wote. Marekani wana Briggs & Stratton 206, injini ya mipigo minne inayofungwa lakiri kiwandani Milwaukee kabla ya kuuzwa, na madaraja yake yamewavuta watu waliokuwa wamechoshwa na bei. Kanuni za tairi nazo hufanya kazi hiyo hiyo: seti moja kwa mashindano, aina moja, zikiwa na alama ya mkaguzi ili mtu asizibadilishe kwa siri.

Hata uchaguzi wa klabu ni uchaguzi wa kanuni. Ziko klabu zilizo chini ya Motorsport UK, zinazotaka leseni, na ziko klabu huru zenye masharti mepesi na ada ndogo. Familia nyingi huanzia huko kwenye klabu huru, kisha zinaamua kama kuna haja ya kupanda. Shemeji hakuwa na haraka ya kupanda popote. Alichagua daraja kwanza, klabu pili, gokati mwisho kabisa. Aliniambia wengi wanaofilisika walianza na gokati.

Saa sita mvua ikaanza. Kwenye mahema makubwa mafundi walikimbia. Shemeji alitoa tairi za mvua, zenye mikato, ambazo ameshatumia misimu kadhaa, kwa kuwa lami iliyolowa haizili kwa kasi. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo asubuhi sikuiona. Kwenye maji, nguvu ya injini inapungua maana. Gari lenye nguvu kubwa linazungusha tu magurudumu. Kinachobaki ni mguu mwepesi na jicho linaloona mahali ambapo lami ina mshiko, mara nyingi nje kabisa ya mstari wa siku za jua. Mpwa wangu aliupata mstari huo mapema. Alianza nyuma ya katikati, akawapita watoto kadhaa kwa kuzunguka kwa nje pale ambapo wao walikuwa wanabanana ndani, akamaliza kati ya wale wa mbele bila kupanda jukwaani. Alipotoka alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Mjomba, umeona?" Niliona. Dada alimfunika taulo na kumtilia pilau kwenye sahani.

Sasa, kuna mahali shemeji habani hata senti. Kofia ya mtoto ilikuwa mpya, imenunuliwa dukani, imepimwa kichwani. Kofia ya mtumba hainunuliwi, alisema, kwa kuwa iliyowahi kuanguka au kupigwa inaweza kuwa imevunjika ndani huku nje inang'aa. Kizibao cha kulinda mbavu nacho kilikuwa kipya. Kwa mtoto mwembamba kwenye kiti kigumu, ubavu ndio wa kwanza kuumia. Breki zinahudumiwa kabla ya kila mashindano. Boliti za usukani na za magurudumu ya mbele zikionyesha kuchoka zinabadilishwa siku hiyo hiyo. Lakini ovaroli ilikuwa ya mtoto mwingine aliyerefuka, na viatu vilikuwa vimepita miguu ya ndugu wawili. Kipimo ni rahisi: kile ambacho kikishindwa mtoto anaumia, kinunue kipya, kile ambacho kikishindwa anachelewa tu, kitafute kwa wengine.

Njiani kurudi, mtoto amelala tena, dada alizungumza kwa mara ya kwanza juu ya pesa. Wana akaunti ya pembeni ya gokati. Kila mwezi inaingia kiasi kile kile, na ikifika sifuri msimu umekwisha, hata kama zimebaki mbio mbili na mtoto yuko juu kwenye msimamo. Imewahi kutokea, na mtoto alilia. Ada ya safari za shule na pesa ya nyumba ya wazee Tanga haziguswi. Alinikumbusha habari za Esteban Ocon wa Ufaransa, ambaye wazazi wake waliuza nyumba wakahamia kwenye karavani ili aendelee kukimbia. Ocon aliingia Formula One mwaka 2016 na kushinda mbio za Hungary mwaka 2021, na watu huisimulia hadithi hiyo kama ushahidi. "Tunasikia za aliyefika," dada alisema. "Waliouza nyumba na mtoto hakufika, nani anawahoji?"

Shemeji hakubisha. Mwanawe hatakuwa Lewis, alisema, na ni sawa. Anajua kusoma kipimo cha upepo, anajua tofauti ya nati iliyokazwa na iliyobanwa kupita kiasi, anajua kushindwa Jumapili na kwenda shule Jumatatu. Kwa bei wanayolipa, hayo yanatosha.

Tangu nirudi nimekuwa nikiulizwa kama mchezo huu unawezekana kwetu. Wa kukodi upo. Nairobi watu wamekimbia kwa miaka jirani na Carnivore, barabara ya Lang'ata, na wazazi wanapeleka watoto kwenye sikukuu za kuzaliwa. Wa kumiliki na kushindana kila mwezi ndio unaotisha, kwa sababu tunauanza kwa kufikiria kontena la gokati mpya kutoka Italia. Vitu vya kuanzia tunavyo tayari. Injini ya pampu ipo kila duka la pembejeo. Mafundi wa kuchomelea mabomba hawakosekani mtaa wowote, ingawa fremu ya kukimbiza mtoto inataka fundi anayepimwa kazi yake, si wa kubahatisha.

Tunachokosa ni karatasi moja ya kanuni iliyosainiwa kabla mtu hajatoa shilingi: injini ya aina moja, imefungwa lakiri, seti moja ya tairi kwa idadi fulani ya mashindano, bei ya juu kabisa ya gokati nzima, na sharti kwamba yeyote anaweza kuinunua ya mshindi kwa bei hiyo mbio zikiisha. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa kuwa hakuna atakayeficha mamilioni kwenye gari ambalo jirani anaweza kuondoka nalo jioni. Wakikaa watu kumi wakaiandika karatasi hiyo, ndipo waende kutafuta lami.